Shukrani kwa dada wa meza ya vitabu, Majengo

Dada yangu, jina lako sikuuliza, lakini huenda ujumbe huu ukakufikia. Ulinikuta karibu na soko la Majengo nikipekua vitabu vya mitumba, nikakulalamikia kwamba kusoma kumenishinda. Ukacheka: "Kaka, anza na vya watoto." Ukanichagulia mwenyewe, na bei ukanipigania.

Agosti yote nimesoma hivyo tu, vya watoto na vya vijana. Vingi vitamu. Vichache vinahubiri mno, mpwa wangu akasinzia (sikumlaumu). Ila Adili na Nduguze! Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952, na bado kimetugombanisha mezani: je, ni haki Adili kuwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, hata kama ni amri ya jini? Mpwa wangu yuko upande wa manyani. Mimi nasitasita, maana Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao baharini. Ugali ulipoa, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Asante sana, dada. Zabibu zako nimemwachia muuzaji. Wahi, naye anazipenda.