Kuhusu lile sanduku

Sahibu yangu,

Za masiku? Huku kwema, na salamu za nyumba nzima zimo humuhumu, usinidai nyingine. Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika pale unaposema sanduku la picha na barua limepokewa na kamati yenu kwa neno la mdomo tu, na maonyesho ni mwezi ujao.

Sanduku ni la nani? Aliyelileta ni mpwa wa marehemu mwenye sanduku, na mpwa huenda si mrithi, au si mrithi peke yake. Kabla hamjafungua hata bahasha, pateni hati ya hiba: jina na anwani ya mtoaji, orodha ya vitu, tarehe, tamko kwamba ana mamlaka ya kuvitoa, na sahihi za pande zote mbili. Hakimiliki iandikwe kando, kwani kuwa na picha mkononi si kuwa na haki ya kuichapisha. Mara nyingi haki hiyo ni ya mpigapicha. Kama anaazimisha, basi hati ya azima yenye tarehe ya kurudisha. "Azima ya kudumu" ikataeni, hata Katibu wa kamati akiipenda vipi. Mtatunza mali kwa gharama zenu, kisha mwenyewe aje kuitaka, au afariki na msijue mumrudishie nani.

Sahihi zikipatikana, ifuate rejesta, yaani daftari la vitu vilivyopokewa, kila kitu na namba yake. Namba ya sehemu tatu inatosha: mwaka, pokeo la ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi, mfano 2025.4.17. Iandikwe nyuma ya karatasi, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, bila kukandamiza. Wino hupenya hadi mbele. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, kwa hiyo namba iende kwenye bahasha yake. Barua zilizofungwa pamoja zibaki pamoja. Aliyezifunga huenda alikuwa na sababu. Na yule Mwalimu wenu wa kamati afichwe selotepu! Gundi yake hugeuka manjano, huzama ndani ya karatasi na kuitoa ni kazi ya fundi. Laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, ndiyo mbaya zaidi. Mkikuta negativu (filamu za kusafishia picha) zinazonuka siki, zitengeni mara moja, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani.

Sasa huo ukuta wa dirishani mnaotaka kutundika vitu vya asili, tena miezi sita! Picha na maandishi ya wino hazipaswi kupata zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na madhara ya mwanga hujumlika: laksi 100 kwa miezi mitatu ni sawa na laksi 50 kwa miezi sita. Kilichofifia hakirudi. Skanini kwa nukta 600 kwa inchi, hifadhini faili za picha za aina ya TIFF, chapisheni nakala, mtundike hizo, na lebo iseme wazi kuwa ni nakala. Wazee wa kamati watanung'unika kwamba watu wanataka kuona kitu chenyewe. Wana hoja. Basi wekeni viwili vitatu vya asili kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha, kwa miezi mitatu, kisha virudi gizani. Kitovu cha picha ukutani kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Lebo maneno 60 hivi; Mwalimu akianza ukurasa wa pili, mnyang'anye kalamu.

Siku ya ule mhadhara wenu, picha zisizojulikana ziwekwe mezani kwa nakala zenye namba kubwa, na fomu yenye maswali matatu: ni nani, ni wapi, umejuaje? Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na bila hilo hutajua aliyeshuhudia ni yupi na aliyesimuliwa ni yupi. Ukirekodi, ruhusa ya msemaji iandikwe kabla kinasa hakijawashwa.

Lakini yote haya ni bure bila ile hati. Fikiria mpwa wa pili asimame katikati ya ukumbi, mgeni rasmi akiwa mbele...

Warithi wengine mnawajua? Katibu ana fomu yoyote, au nikuandikie rasimu? Dirisha lile lina pazia zito? Funguo za stoo bado anazo yuleyule? Na sanduku lenyewe limewekwa wapi, sakafuni? Kama ni sakafuni, liinue leo hii, angalau sentimita 15, na usiliegemeze ukuta wa nje.

Nijibu kabla kamati haijakaa.

Wako,
yuleyule mchokozi