YAH: MALALAMIKO KUHUSU VUMBI NA MOSHI WA MITAMBO KATIKA ENEO LENU LA UJENZI

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni jirani yenu wa ukuta wa nyuma, yule ambaye dirisha la chumba cha mwanawe linatazamana na jenereta lenu. Masharti ya kibali chenu mnayajua, na mlichoahidi kwenye tathmini yenu ya mazingira mnakijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawasomea. Naandika kwa sababu ya Alhamisi.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, fundi wenu alikuwa anakata zege kwa grenda, kavu, bila tone la maji. Binti yangu ana miaka saba na ana pumu. Alianza kwa kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga miluzi. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, nikarudia, haikusaidia. Nikambeba mgongoni kumkimbiza hospitali, na njia yetu ya kutokea ni moja tu, inapita getini kwenu. Nikamwomba msimamizi wenu, kwa adabu zote, asimamishe ile grenda angalau tupite. Akasema: "Mama, umeona wapi nyumba inajengwa bila vumbi? Kama hamwezi, hameni." Kisha akampa fundi ishara aendelee. Wingu jeupe likatufunika mimi na mtoto.

Usiku ule alilala na oksijeni.

Ninyi ni wajenzi, mnajua lile si vumbi la kawaida. Zege lina silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga, na likikatwa kavu hutoa unga laini kiasi kwamba ulio hatari zaidi hauonekani kwa macho. Unapita pua, unapita koo, unaingia chini kabisa ya mapafu na kukaa humo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeuweka unga huo kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli nao ukaingizwa kundi hilohilo mwaka 2012. Na sisi mmetupa vyote viwili, mchana vumbi, usiku jenereta.

Nikipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha la mwanangu kinatoka cheusi kama nimepangusa tako la sufuria. Nimepanguza asubuhi, jioni ni hivyohivyo. Nguzo ya umeme iko nje ya geti lenu, hatua chache tu, lakini kila siku ni jenereta. Malori nayo, tena hili lilianza kabla ya jenereta, tangu mlipokuwa mnabomoa, yanapanga foleni alfajiri injini zikiwa zinanguruma, dereva amelala ndani. Yakitoka na kifusi hayafunikwi turubai. Matairi hayaoshwi, yanaburuta tope mpaka barabarani, likikauka ni vumbi lingine. Barua yangu ya kwanza niliikabidhi kwa mlinzi wenu. Ya pili nilimpa msimamizi mkononi. Huyohuyo wa Alhamisi.

Narudi Alhamisi, maana hainitoki. Kuna mambo mawili sikuyasema hapo juu. La kwanza, mpira wa maji ulikuwepo. Ulikuwa umeviringishwa chini, hatua mbili kutoka alipokuwa fundi, umefunikwa vumbi kwa kukaa bila kutumika. La pili, msimamizi wenu alikuwa na barakoa, ile nzito yenye vichujio, ameishusha kidevuni ili azungumze nami. Alipomaliza kuniambia nihame, aliipandisha kwanza, akaibana vizuri puani, ndipo akainua mkono kumpa fundi ishara. Nilimwona. Alijua kinachokuja. Alijikinga yeye, kisha akakiruhusu kimfikie mtoto aliyekuwa akihangaika kuvuta pumzi mgongoni kwangu. Na yule kijana aliyeshika grenda alikuwa amejifunga kitambaa tu mdomoni. Naye ana mama yake.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka mniombe radhi, basi. Sasa naona radhi haitoshi. Nataka zege na mawe vikatwe kwa maji, kila mara, awepo mkaguzi asiwepo. Nataka jenereta liondolewe ukutani kwangu na muunganishe umeme. Mitambo mnayobaki nayo ya dizeli ifungwe vichujio vya masizi kwenye ekzosi. Kichujio kizima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya masizi, na kampuni ya ukubwa wenu haiwezi kuniambia haijui vinapatikana wapi. Jiji la London limeweka viwango vya moshi kwa mitambo ya ujenzi tangu mwaka 2015, na majengo yanaendelea kusimama huko. Injini ya lori linalosubiri izimwe. Mtundike kipimo cha vumbi upande wetu wa ukuta, na namba zisomeke na sisi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zile chembe laini kabisa ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Tutakuwa tunasoma.

Gharama za hospitali mtazilipa. Na msimamizi yule simtaki tena kwenye geti lile.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Nakala iko tayari kwa mamlaka ya mazingira na kwa wakaguzi wa usalama kazini, maana yule kijana wa kitambaa anawahusu wao. Majirani wawili walirekodi tukio la Alhamisi kwa simu zao, na barakoa ikipandishwa inaonekana. Nimeshaonana na wakili. Ikipita siku ya saba mkiwa bado mnakata kavu, siku ya nane tutaomba mahakama isimamishe ujenzi wote, si grenda peke yake.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,
Jirani wa ukuta wa nyuma