Grili ya peleti imegoma? Kabla hujatuita, vunja peleti moja kwanza

Masika ikishaanza simu za karakana yetu zinabadilika, wale wa viyoyozi wanapungua wanaanza wenye grili za peleti, na karibu wote maneno ni yaleyale, "kaka grili imekufa, juzi imepika vizuri leo haitaki kabisa." Ukiuliza peleti zimekaa wapi unajibiwa zimo humohumo kwenye grili tangu sikukuu. Basi hapo fundi ameshajua nusu ya jibu kabla hajabeba begi.

Tuseme wazi tu. Hapa Tanga grili nyingi zinazoletwa kama mbovu sio mbovu, zimelishwa peleti zilizonyonya unyevu au zimezimwa vibaya, na vyote viwili unaweza kuvimaliza mwenyewe nyumbani bila kulipa mtu. Ndio, tunajipunguzia kazi, lakini kuja mpaka Sahare au kule Ushongo kwenye mahoteli kwa ajili ya kuchota vumbi la mbao kwenye sanduku la peleti halafu tukupe bili hata sisi tunaona aibu.

Kwa ambaye hajaizoea, hii ni grili yenye mfuniko na pembeni ina sanduku la kumwagia peleti, sisi tunaliita hopa kama ile ya mashine ya kusaga. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, unene wake kama milimita 6. Chini ya hopa kuna skrubu ndefu inazungushwa na mota polepole, inazisukuma peleti mpaka kwenye kikombe cha chuma kilichopo katikati, humo kuna kijiti cha kuwashia kinachopata moto wa umeme, feni inapuliza hewa, sensa inapima joto, na kontrola ndo inaamua skrubu izunguke saa ngapi na isimame saa ngapi. Kwahiyo unapika kwa kuni lakini bila umeme haifanyi chochote, hilo watu wanalisahau sana. Ya kwanza ilitengenezwa na Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, mwaka 1985, Marekani huko, na nyingi zinazofika hapa kwa ndugu waliorudi na kontena bado ni za umeme wa hukohuko, tutalifikia.

Sasa peleti. Ile peleti haijagandishwa kwa gundi, mti wenyewe una kitu ndani kinaitwa lignini, kinalainika kwa joto na mgandamizo wa kiwandani kikipoa kinashika. Adui wake ni maji tu. Peleti nzuri ina unyevu chini ya asilimia 10, na wewe unajua alfajiri ya Raskazone ilivyo, ukiacha shati nje unalikuta limelowa hata mvua haijanyesha. Chukua peleti moja shika kwa vidole viwili uivunje. Ikilia tak na kukatika safi, na ngozi yake inang'aa, hiyo nzima. Ikijikunja, ikimeguka kimya kimya, au ukiisugua inakuachia unga mkononi, hiyo imeshakwisha, na ukiianika juani vumbi halitarudi kuwa peleti. Kama bado unabisha tia moja kwenye glasi ya maji uone inavyovimba na kusambaratika mpaka inabaki uchafu chini ya glasi. Ndani ya bomba la skrubu hali ni hiyohiyo ila polepole, zinavimba, zinabana, halafu ukiwasha joto linazikausha zinakuwa kama zege, mota inasukuma haipati njia mpaka pini inakatika au mota inaungua.

Tukifungua grili ya namna hiyo kazi yenyewe inakwenda hivi. Plagi inachomolewa ukutani kwanza, hopa inachotwa yote kwa kopo, zinatolewa nyavu, trei ya mafuta na lile bamba la juu ya moto, kikombe kinasafishwa, kisha tunafungua bolti inayoshika skrubu na mota. Hapo unashika shina la skrubu kwa spana ya bomba unaizungusha kinyume kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka isikike imeachia, halafu unaivuta nje na kukwangua bomba kwa kipande cha mbao. Wapo wanaomwaga maji eti ilainike. Jamani! Maji ndo yaliyoleta ugomvi, tena humo ndani kuna waya. Na usigonge kwa nyundo, skrubu ikipinda hata kidogo itakuwa inakwaruza bomba kila inapozunguka na hiyo sasa ni kununua nyingine.

Kuzuia ni rahisi mno. Peleti zikae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, gunia lisiwekwe kwenye sakafu ya simenti, na kipindi cha mvua ukimaliza kupika usiache kitu kwenye hopa zaidi ya siku moja mbili. Grili nyingine zina kimlango nyuma cha kumwagia, kama yako haina chota tu halafu zile za chini kabisa ziache skrubu imalizie kuzichoma. Kava la turubai pekee halitoshi, linazuia mvua lakini linafungia fukuto ndani, ikishapoa lifunue asubuhi ipate upepo.

Lingine linaloulizwa kila wiki, "naweza kutia vumbi la mbao la seremala?" Hapana. Hujui ile mbao ilipakwa dawa gani, msonobari wa Lushoto una utomvu unatoa masizi, mtiki wa Longuza una mafuta yake, na tena skrubu haikutengenezwa kubeba vumbi. Mkaa uliopondwa hapana, vifuu hapana, makumbi ya nazi hapana. Makumbi yachomee samaki kwenye jiko lako la kawaida, na mimi kwa mishkaki bado niko upande wa mkaa, hii grili haina ule ukali wa kubabua nyama haraka na sitamdanganya mteja. Ila mpe kolekole mzima au kuku kwenye nyuzi 107 za Selsiasi hivi saa kadhaa, moshi mwembamba wa bluu unapita juu yake, hapo mkaa unakaa pembeni. Tia peleti za kupikia tu, za mti mgumu, zile za kupashia nyumba joto kule Ulaya usiguse hata ukipewa bure, nyingine zina mabaki ya mbao za kiwandani. Zinaliwa kama nusu kilo mpaka kilo na zaidi kwa saa kutegemea umeweka joto gani na upepo ukoje, ikivuma kusi na grili iko ufukweni wazi utaona hopa inashuka mbio.

Haya, haiwaki kabisa. Toa nyavu, trei na bamba uweze kuona kikombe, hakikisha hakina majivu wala peleti za jana, halafu iwashe ukiwa umesimama pembeni na mkono usiingize ndani. Unataka kuona vitu vitatu, kijiti kinaanza kuwa chekundu ndani ya dakika chache, peleti zinadondoka, feni inapuliza. Kijiti chekundu ila peleti haziji, basi skrubu imebana au hopa imefanya pango, yaani juu unaona zimejaa kumbe chini ya pale ni tupu sababu zimeshikana, koroga kwa mwiko tu. Peleti zinakuja kijiti cheusi, kijiti kimekufa, ni kipuri cha kubadilisha na sio cha gharama kubwa. Feni kimya, angalia kwanza kama mijusi au manyigu hawajajenga humo, tunacheka lakini tumewatoa wengi. Vyote vitatu kimya ndo unaanza kuangalia fyuzi nyuma ya kontrola, ekstensheni na soketi.

Inawaka ila joto linapanda linashuka? Kupishana nyuzi 10 hata 15 ni kawaida yake, acha kufungua mfuniko kila dakika kuchungulia. Ikizidi hapo fungua uifute sensa, kile kijiti chembamba ukutani kwa ndani, mafuta yakikiganda kinadanganya. Mwenye mita ya umeme anaweza kuipima, nyingi ni aina ya PT1000 na kwa joto letu la nyuzi 28 inasoma omu 1,109 hivi, ikisoma mbali sana au haisomi kabisa tatizo umelipata. Chumvi ya bahari nayo inakula maungio ya waya wa sensa, unakuta kijani kijani pale, safisha. Kioo kikiandika LEr au ErL, herufi zinatofautiana kampuni na kampuni lakini maana ni moto umeshuka au umezimika, na mara tisa kwa kumi tunarudi kulekule, peleti mbichi au majivu yamejaa kwenye kikombe yamefunika kijiti na matundu ya hewa. Kikombe kisafishe kila baada ya mapishi mawili matatu, majivu yakiwa yamepoa kabisa.

Umeme sasa, hapa sikiliza vizuri. Grili ya Marekani ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), ukutani kwako kuna volti 230 na hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja kontrola inakwenda na kijiti kinakwenda, na hiyo hatuwezi kusema ni bahati mbaya. Unahitaji transfoma ya kushusha, ya chuma yenye uzito, sio kale kadude ka msafiri ka kuchomeka mashine ya kunyolea. Wakati wa kuwasha kijiti kinavuta wati 200 mpaka 300, baadaye grili nzima inatumia kama 50 tu, kwahiyo chukua transfoma ya wati 500 na kuendelea. Lakini ujue transfoma inashusha volti haibadilishi hezi, na mota za zamani za kawaida zinafuata hezi, zitazunguka polepole kwa kama asilimia 17, peleti zinachelewa, ukiweka nyuzi 230 inahangaika haifiki. Mteja anasema nimeuziwa kimeo, kumbe mota inafanya kazi yake ila kwa mwendo wa hapa. Grili mpya zenye mota za DC, zile zisizofuata hezi za ukutani, hazina shida hiyo. Kama hujanunua bado nunua ya 230 moja kwa moja, utatushukuru.

Na umeme ukikatika katikati ya mapishi? Feni inasimama ila moto kwenye kikombe unaendelea kufukuta, na unaweza kurudi nyuma kwa kufuata peleti ndani ya bomba mpaka kwenye hopa. Ndo maana grili hii haizimwi kwa kuchomoa plagi, kuna kitufe chake cha kuzima, feni inabaki inapuliza dakika kadhaa mpaka kikombe kiishe, muache amalize. Kwa mwenye grili ya 230, UPS ya kawaida, ile betri ya akiba ya kompyuta, inatosha kuipa muda wa kuzima vizuri. Umeme ukirudi usibonyeze tu kuwasha, kikombe kina peleti zilizolundikana ambazo hazijaungua, zitatoa moshi mzito mweupe wa manjano halafu zishike zote kwa mpigo na mfuniko uruke. Subiri ipoe, toa zile peleti, anza upya. Moshi ukiuona tayari ni wa namna hiyo usifungue mfuniko kuchungulia, chomoa umeme usogee mbali.

Wenye mabanda ya makuti, nawaomba kama ndugu, itoeni hiyo grili nje ya banda. Tumeikuta sehemu zaidi ya moja imepachikwa chini ya makuti makavu, eti kivuli cha mpishi. Mafuta ya kuku yakishika moto ndani unafunga mfuniko, unakata umeme, maji humwagi, na ikionekana inakushinda piga 114 Zimamoto usitupigie sisi, sisi tuna spana tu.

Huduma zetu ni kusafisha grili nzima kabla ya masika na kabla ya vuli, kubadilisha vijiti, mota, sensa na kontrola, na kupima umeme wa pale unapoiweka kabla hujaichomeka mara ya kwanza. Bei tunakwambia baada ya kuiona na kabla ya kufungua bolti yoyote. Ukitutumia ujumbe ambatanisha picha ya kile kibati cha nyuma chenye volti na modeli, picha ya kikombe kikiwa wazi, na picha ya peleti moja uliyoivunja, hiyo ya mwisho tunaitaka kweli sio utani, saa ingine tunamaliza palepale kwenye simu hulipi kitu. Ijumaa tunafungua tena baada ya swala, Pangani na Muheza tunakuja Jumamosi ila tuambie mapema ili tupange safari moja.