Mwanangu hana damu mbaya

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako kwa miaka 12 na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya utafiti wa kipimo cha damu na pumu ya watoto imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba damu "inaonyesha jeni ya pumu". Si kweli. Jeni mtoto huzaliwa nazo. Kinachopimwa katika utafiti wa namna hii ni RNA, yaani nakala ambazo chembe nyeupe za damu zinazitoa kwenye jeni hizo siku ile ile. Jeni iliyolala leo, kesho yaweza kuamshwa na mafua tu.

Jumapili wifi yangu alikuja na gazeti lenu, akalitandaza mezani, akaniambia: "Umeona? Ni damu ya kwenu." Mwanangu wa miaka 7 alikuwa hapo hapo. Akakunjua mkono, akatazama alama ya sindano, akaniuliza kama damu yake ni mbaya. Mhariri, mtoto huyu huamka saa nane za usiku akitafuta pumzi, mbavu zinaingia ndani kwa kila mvuto, nami nimemkalisha mapajani nikihesabu pumzi zake. Halafu asome gazetini kwamba ana kasoro ya ukoo! Mwaka 2007 chembe za damu za watoto wenye pumu zilisaidia kuitambua jeni ya ORMDL3 katika kromosomu ya 17, na hata hivyo watu wengi wana tofauti ya kurithi inayohusishwa na jeni hiyo na hawajawahi kubanwa kifua. Hilo hamkulisema.

Utafiti wenyewe nauunga mkono kwa moyo wote. Huwezi kumwingiza mtoto kamera mapafuni kila anapokohoa, na walio chini ya miaka 5 wengi hawawezi hata kupuliza mashine ya kupima pumzi. Damu inapatikana. Ila damu si mapafu. Mwanangu alitolewa sampuli ya utafiti akiwa siku ya tatu ya vidonge vya prednisolone, dawa inayoshusha eosinofili, chembe nyeupe za damu zile zile zinazofuatiliwa katika pumu. Nilimwambia muuguzi. Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Na ile picha mliyoiweka kwenye habari hiyo! Mtoto mdogo anajipulizia dawa moja kwa moja mdomoni, bila chombo cha plastiki cha kuvutia. Nyingi inaishia kooni. Wazazi wanajifunza kwa picha hizo.

Naomba kila habari ya jeni iwe na mistari minne chini yake: watoto wangapi walipimwa, wa umri gani, nani alikuwa na mafua au vidonge ndani ya wiki nne, na kama matokeo yalirudiwa kwa watoto wengine. Masahihisho ya habari hii yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile. Mwanangu anajua kusoma sasa.

Mama wa mtoto mwenye pumu