Barua kwa mwanangu: chatini ya kotmiri ya kulia mishkaki

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa hatujambo, alhamdulillahi, na mamako anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba Jumamosi unawaalika wenzako kula mishkaki kwako hapo Leicester. Lililonikosesha raha ni ile chupa ya sosi ya kijani uliyosema utaipitia dukani. Usiinunue, mama. Chatini ya kotmiri haikai chupani. Harufu yake yote imo katika mafuta mepesi ya jani, na jani likishapondwa mafuta hayo huanza kuruka. Motoni ndiyo hayadumu kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo kotmiri iliyokaushwa haina ladha ya maana, na kwa sababu hiyo chatini hutwangwa nyama ikiwa karibu kuiva.

Mishkaki ina mafuta, chumvi na moshi. Mtu akila vijiti viwili vitatu bila kitu cha kuyakata mafuta yale, hukinai. Kwangu mimi chatini ina cheo sawa na nyama yenyewe, nami sikubali iwekwe mezani kama pambo.

Uzuri ni kwamba uko mji wenye kila kitu. Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walikwenda kukaa hapo, na maduka ya jamii hiyo huuza kotmiri kwa mafungu makubwa, pamoja na ndimu, pilipili mbichi na ukwaju. Chagua fungu ambalo majani yamesimama na ukilipapasa linanukia. Likiwa limelowa maji na lina majani meusi ndani, liache.

Kwa kilo moja ya nyama, chukua mafungu mawili ya kotmiri, kiganja kimoja cha nanaa, pilipili mbichi mbili au tatu, punje mbili za thomu, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, ndimu mbili, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, na chumvi. Bizari ikaange kavu kwanza, mpaka inukie tu. Ikianza kutoa moshi imeshakuwa chungu. Sukari chembe ukipenda. Mimi siweki nazi kwenye chatini ya nyama. Nazi naiona inafaa zaidi kwa samaki.

Sasa vijiti vya kotmiri, maana naona watu wanavitupa na roho inaniuma. Kata mizizi na ile sehemu ya chini iliyo ngumu, basi. Vijiti laini vina ladha kushinda majani. Osha kwenye bakuli la maji mengi, mchanga utuame chini, kisha utoe majani kwa mkono. Ukimwaga maji pamoja nayo, mchanga unarudi palepale. Halafu yakaushe kwa kitambaa, kwani jani lenye maji hufanya chatini iwe rojorojo.

Kama una kinu kidogo, anza na chumvi, thomu na tangawizi. Chembe za chumvi ndizo zinazosaga. Zikishakuwa laini tia pilipili na bizari, halafu kotmiri na nanaa kidogo kidogo, huku ukitwanga na kuzungusha mchi. Utaona jani linatoa maji yake lenyewe na rangi inakolea. Usiifanye uji; nataka vipande vidogo vionekane, mtu avihisi mdomoni. Ukali wa pilipili uko zaidi kwenye ule utando mweupe wa ndani kuliko kwenye mbegu, basi kama wageni wako hawajazoea, kwangua utando huo. Akiwashwa mtu, mpe mtindi, si maji, kwa kuwa maji hayayeyushi ule ukali.

Huna kinu, tumia blenda, lakini usiiache izunguke mfululizo, kwani inapasha moto majani. Bonyeza na kuachia, na badala ya maji tia kipande kimoja cha barafu.

Ndimu ni ya mwisho kabisa. Ukijani wa jani unatokana na klorofili, ambayo katikati yake mna madini ya magnesi. Asidi ya ndimu huyang'oa madini hayo, na rangi hugeuka kuwa ya zeituni. Kamua ndimu watu wakiwa wameshakaa, koroga, onja chumvi tena, peleka mezani.

Akitokea mgeni akasema inanuka sabuni, usimlazimishe wala usimcheke. Wapo watu waliozaliwa na pua inayoinusa kotmiri namna hiyo. Mwekee pembeni ukwaju uliorowekwa na kuchujwa, wenye chumvi, pilipili na sukari kidogo.

Nyama yenyewe unaijua. Ila papai bichi lisikae humo usiku kucha, nyama itavurugika iwe kama imetafunwa. Bakuli lililokuwa na nyama mbichi lisiguse chatini, hata kijiko chake.

Na hili nakuomba kama baba: usiwashe mkaa ndani ya nyumba, hata ukifungua madirisha yote. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu aliyelala. Kama ua hauna nafasi, choma kwa grili ya oveni, moto wa juu kabisa, ugeuze vijiti mara kwa mara. Moshi utaukosa, lakini chatini itakubeba.

Ikibaki, itie friji na uimalize kesho yake. Ikiwa nyingi, igandishe kwenye trei ya vipande vya barafu. Haitakuwa ile ya leo, ila kwenye mchuzi wa dengu inafaa sana. Usije ukaimiminia mafuta juu na kuiacha kabatini kama nilivyoona wengine wakifanya. Thomu mbichi iliyofunikwa na mafuta haipati hewa, na humo huweza kuota vijidudu vya sumu mbaya bila harufu wala rangi kubadilika.

Nipigie Jumamosi kabla hujakamua ndimu, nitazame rangi.

Wako akupendaye,
Baba