Mitambo ya Ngong ipangiwe uzee wake mapema

Mhariri,

Mwaka 2024, huko Eindhoven, Uholanzi, watu walionyeshwa nyumba iliyojengwa ndani ya kichwa cha mtambo wa upepo uliostaafu. Kichwa ni lile sanduku kubwa lililo juu ya mnara, ambamo hukaa jenereta na giaboksi. Hicho kilitoka Austria, kwenye mtambo wa kampuni ya Vestas, aina ya V80, uliozalisha umeme kwa miaka 20. Kampuni ya umeme ya Vattenfall iliagiza kazi hiyo, nao wasanifu wakatia jiko, bafu na sebule. Urefu wake ni mita 10, upana 4. Hapa Ngong nawajua wazazi wanaolea watoto katika nafasi ndogo kuliko hiyo.

Naandika kwa sababu nikifungua dirisha asubuhi naiona mitambo yetu kilimani. Ile sita iliyoanza kazi mwaka 2009 ni ya Vestas pia, aina ya V52, na mwaka 2029 itatimiza miaka 20. Aina hiyo hiyo ndiyo iliyosimikwa kule Loiyangalani, Marsabit, yote 365. Kichwa cha V52 ni kidogo kuliko cha V80, kwa hivyo pengine kitafaa zaidi kuwa duka au chumba cha mlinzi. Sioni ugumu hapo. Tumeshazoea kugeuza kontena kuwa saluni, duka la dawa, hata ofisi.

Kinachonikosesha usingizi ni mapanga, yale mabawa marefu matatu ya kila mtambo yanayozungushwa na upepo. Chuma cha mnara na shaba ya jenereta vina wanunuzi tayari. Panga ni faiba iliyogandishwa kwa gundi ngumu, haliyeyushwi likafinyangwa upya. Kule Casper, jimbo la Wyoming nchini Marekani, mapanga yamekatwa vipande na kufukiwa jalalani. Loiyangalani peke yake ina mapanga 1,095, kila moja likikaribia urefu wa mita 25. Tutayafukia wapi, na kwenye malisho ya nani?

Wenzetu wameonyesha njia. Rotterdam wana uwanja wa watoto uliotengenezwa kwa mapanga. Katika kaunti ya Cork, Ireland, kuna daraja la waenda kwa miguu linalobebwa nayo. Panga haliliwi na mchwa wala halishiki kutu, na limeumbwa kuhimili upepo mkali miaka nenda miaka rudi. Anayeishi kaskazini na kuona laga, yaani mito ya msimu, zikifurika, watoto wa shule wakisubiri ng'ambo maji yapungue, anajua daraja kama hilo lina thamani gani.

Ufundi tunao. Mafundi wa boti za faiba kule Pwani wanajua kukata, kuunga na kuziba. Wanajua pia vumbi lake linavyowasha ngozi na kuumiza kifua, kwa hivyo asikatishwe mtu bila barakoa na glavu.

Ombi langu kwa wenye mitambo na kwa serikali zetu za kaunti: iandikwe tangu sasa, kwenye mikataba, nani atashusha mitambo, kwa gharama ya nani, na wenyeji watapewa nini kabla ya shehena kupelekwa jalalani. Mitambo ile sita ya Ngong ina mapanga 18. Litakaloshushwa kwanza lipelekwe chuo cha ufundi kilicho karibu, vijana wetu waanze kujifunza kwalo.

Mkazi wa Ngong,
Kaunti ya Kajiado