Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: watoto wa shifti ya usiku wanalala na nani?

Shikamoo Mheshimiwa,

Mimi ni mama lishe, napika karibu na geti la kiwanda kimoja huku Kizota. Jina la kiwanda siliweki, wateja wangu wanatoka humohumo na sitaki mtu akose kibarua kwa ajili ya mdomo wangu. Nikija ofisini kwako najua nitaambiwa niache namba ya simu nitapigiwa, kwahiyo bora niandike kila mtu asome.

Kwanza nisieleweke vibaya, viwanda tunavitaka. Sisi wa Dodoma njaa tunaijua, mvua yenyewe ni msimu mmoja tu, ikianza Desemba ikakata Februari basi mtama umekufia shambani na mbuzi wanaanza kwenda mnadani mmoja mmoja. Kijana wa Bahi akipata kazi ya kubeba magunia huku mjini, mama yake kule anapata debe la mahindi, hilo silibishi. Ninachosema ni kwamba kiwanda kikifunguliwa tunatajiwa ajira, mia ngapi sijui, utepe unakatwa, picha zinapigwa, ila hakuna anayeuliza hao walioajiriwa wana watoto wangapi na wamewaacha na nani.

Mi nawaona. Shifti ya usiku inaingia saa 12 jioni inatoka saa 12 asubuhi. Wadada wengi wamepanga chumba kimoja Nkuhungu au Chang'ombe, na kodi zenyewe tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 unazijua, mume yuko kijijini au hayupo kabisa (ya wanaume tutayaongea siku nyingine). Mama akiingia shifti, mtoto wa miaka miwili anabaki na dada yake wa darasa la nne. Huyo wa darasa la nne ndo anakoroga uji, ndo anabembeleza, asubuhi mama akirudi yeye anaenda shule anasinzia, anachapwa. Mwenye chochote anamlipa jirani, na jirani mwenyewe kajaza watoto wa watu kwenye chumba kimoja, wakilia usiku wanapewa dawa ya mafua walale. Sio maneno ya kusikia, mama mmoja kanieleza mwenyewe huku anakula, na sikuweza kumlaumu, wewe ungefanyaje na jina lako liko kwenye shifti?

Binti yangu yuko chuo hapahapa mjini, nilivyomsimulia akaniambia mama, hilo sio jipya. Uingereza karne ya 19, enzi za viwanda vya nguo vya kule Manchester, akina mama walikuwa wanaacha vichanga kwa watu wa kulea kwa malipo, watoto wananyweshwa kitu kinaitwa Godfrey's Cordial, ndani yake kuna afyuni, wanalala kutwa, na wapo ambao hawakuamka. Sheria ya kukataza watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi kwenye viwanda vingi vya nguo ilikuja 1833, ya kuwawekea wanawake na vijana mwisho wa saa 10 kwa siku ikaja 1847. Yaani mashine kwanza, familia zikavurugika, ndo serikali ikaamka. Sisi sheria tunazo tayari, ndo maana inauma zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida ni saa 45 kwa wiki na ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Tupige hesabu pamoja Mheshimiwa: shifti ya saa 12, toa moja ya kula, zinabaki 11, zidisha siku sita ni 66, toa 45, ovataimu saa 21 kwa wiki, wiki nne ni 84. Hizo 34 za juu nani kazipitisha? Na ovataimu inatakiwa ilipwe mara moja na nusu, kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Kibarua wa kupitia wakala hiyo asilimia 5 hajawahi kuiona, hata mkataba hajauona. Daftari langu la madeni ndo linajua, wakala akichelewesha hela wiki moja majina yanajaa, ikifika wiki ya pili watu wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na kausha damu wakija kubeba godoro na redio hapo ndani ya nyumba hakukaliki tena.

Alafu kuna hii ya kunyonyesha. Sheria hiyohiyo inampa mama mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi akanyonyeshe. Safi kabisa. Sasa mdogo wangu anafanya kazi Nala, kule kwenye eneo jipya la viwanda, mtoto yuko Chang'ombe, aende na bodaboda arudi na bodaboda, siku imebaki na nini? Anakamulia maziwa chooni anamwaga, mtoto kaanzishiwa uji kabla ya wakati wake. Hiyo ruhusa ina maana kama mtoto yuko hapo nje ya geti. Wazee wa reli hapa mjini walikuwa na kota, mtu anatoka kazini anatembea kwa mguu mpaka kwake.

Huku Kizota tumeshachelewa, kila mtu kajenga kajibana. Ila Nala nafasi bado ipo. Kaa na watu wa Jiji mtenge kiwanja kimoja katikati ya viwanda, kijengwe kituo cha kulelea watoto kinachofungua na usiku, wawekezaji wachangie kila mmoja kwa idadi ya watu wake, na liwe sharti kabla ya kibali sio ombi baada ya ufunguzi. Watakwambia gharama. Waulize na gharama ya mtu aliyeshinda na mtoto mchana kutwa akasinzia kwenye mashine saa 9 usiku, kuna mteja wangu sasaivi anakulia mkono wa kushoto. Na wakaguzi waje usiku, sio saa 4 asubuhi wananyweshwa soda ofisini kwa meneja wanaondoka.

Jibu ukiwa nalo mpe mtendaji wa kata alibandike ubaoni, tutalisoma. Mkutano wa hadhara asubuhi usituitie, huo muda shifti ya usiku ndo imelala.

Mama lishe,
Kizota, Dodoma